Ulinganisho: daftari, Excel, Chrome au programu maalum? Nywila za ofisi ndogo zikae wapi

MdauKurasini
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla sijapeleka pendekezo kwa bosi Jumatatu.

Sisi ni wakala wa forodha hapa Kurasini, watu saba, kompyuta sita. Kutwa nzima tunaingia na kutoka: imeili ya kampuni, mifumo ya forodha, benki, kurasa za kampuni za meli za kufuatilia kontena. Jamaa aliyetufungia mtandao alituachia masharti: nywila ibadilishwe kila baada ya siku 30, iwe na herufi kubwa, namba na alama, na ni marufuku kuiandika popote. Matokeo yake mwezi uliopita mtu alitumia kitu kama Dar@Juni, mwezi huu kimekuwa Dar@Julai (si zenyewe, ila mtindo ndio huo). Kila mwanzo wa mwezi asubuhi inaishia kwenye kufungua akaunti zilizojifunga, na mteja amesimama mlangoni kontena lake linamlia gharama bandarini.

Ninazopima ni daftari moja la kufungia kabatini, faili la Excel, kuiacha Chrome ikumbuke yenyewe, au programu ya kutunza nywila kama Bitwarden na KeePassXC. Bajeti ni ndogo. Nawasilisha.

Kitwana_IT
Mkuu, ondoa kwanza hilo sharti la siku 30, maana litaharibu njia yoyote utakayochagua. Masharti ya aina hiyo yalienea sana kupitia mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 NIST wenyewe waliuandika upya wakasema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, wabadilishe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwaka huo huo Burr, akiwa ameshastaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Microsoft nao mwaka 2019 wakaliondoa kwenye mapendekezo yao ya usalama wa Windows.

Sababu umeieleza mwenyewe. Aliyeipata Dar@Juni hasumbuki kukisia ya mwezi unaofuata. Yanga@2025 ina herufi kubwa, ina alama, ina namba, inapita masharti yote, na programu za kukisia zinaifikia mapema kabisa. Urefu ndio unaosaidia. Chukua maneno manne yasiyohusiana, mfano kisamvu-reli-jumatano-ndoo (hii usiitumie, imeshaonekana hapa). Mtu anaikumbuka bila kuibandika popote.

MhasibuKariakoo
Niitetee daftari, maana naona inadharauliwa bure. Nafanya hesabu za duka la jumla, nywila zote ziko kwenye daftari ndani ya sefu, funguo ninazo mimi na tajiri tu. Tapeli aliye nje ya nchi anaweza kuifikia imeili yangu, lakini sefu iliyoko Kariakoo haifikii. Kinachotakiwa kukatazwa ni kile kikaratasi cha kubandika kwenye skrini, ambacho kila mteja anayekuja kaunta anakisoma.

Ila nami niseme ukweli wote. Nywila ndefu ukizinakili kwa mkono unachoka, na ukichoka unaanza kuzifupisha au kurudia ile ile kila mahali. Duka la watu wawili linamudu. Ofisi ya watu saba, kaka yangu, daftari hiyo itashinda mezani.

Msafiri_Mbagala
Excel ifute kwenye orodha. Inanakilika kwenye flashi kwa sekunde chache na hakuna anayejua nani anayo. Hata ukiifunga kwa nywila, nywila yenyewe itatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi siku hiyo hiyo.

FundiAggrey
Nizungumzie Chrome. Yenyewe si mbaya. Inakutungia nywila ndefu, tena inajaza kwenye anwani halisi tu. Ukipelekwa kwenye ukurasa bandia wa benki, kisanduku kinabaki kitupu, na hapo unatakiwa ushtuke. Bitwarden na KeePassXC ukiziunganisha na brauza zinafanya hivyo hivyo. Daftari na Excel haziwezi kukuonya.

Shida ni kile mnachoingiza wenyewe kwenye mashine. Mtu anapakua Office iliyovunjwa kwa sababu ni ya bure. Ndani ya folda kuna faili la maelezo, na mstari wa kwanza unasema: zima antivirusi kwanza, kisha sakinisha. Anatii! Kinachoingia hapo kinaweza kuwa kirusi cha wizi kama RedLine. Kinakomba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na vidakuzi (vifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia) vya akaunti zilizo wazi, na kwa vidakuzi hivyo mwizi anaingia bila hata kuulizwa nywila. Kompyuta inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Baadaye mtu huyo huyo anakuja kuniuliza anunue antivirusi gani. Defender inayokuja na Windows inatosha ofisi ndogo, mradi isizimwe na masasisho yaingie. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba tangu Machi mwaka huo. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia. Na kama mashine zenu bado zina Windows 10, muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hilo nalo liingie kwenye pendekezo.

SalmaTemeke
Mimi hizi programu za mtandaoni zinanitia shaka. LastPass, wenye programu kama hizo, waliingiliwa mwaka 2022, wezi wakaondoka na nakala za hifadhi za wateja. Kwa nini nikabidhi kila kitu kwa kampuni moja ya ng'ambo?

Kitwana_IT
Dada Salma, shaka yako ina msingi. Kwenye tukio lile nywila zilikuwa zimesimbwa (zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo), lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, na aliyekuwa na nywila kuu dhaifu, yaani ile moja inayofungua hifadhi nzima, ndiye aliyebaki hatarini. Kwa hiyo nywila kuu ndiyo ya kuipa urefu kuliko zote.

Kama hutaki kabisa mtandao, KeePassXC ni ya bure na hifadhi yake ni faili moja lililosimbwa, liko kwenye mashine yenu, intaneti ikikatika mnaendelea. Ubaya wake ni kwamba bakapu ni mzigo wenu, na watu wawili wakilihariri kwa wakati mmoja wanaweza kupotezeana kazi. Bitwarden inakuwezesha kumpa kila mtu zile anazozihitaji tu, na mtu akiacha kazi unamfungia siku hiyo hiyo. Bado mtabadilisha zile alizokuwa akizijua, lakini angalau mnajua ni zipi. Kushirikiana watu saba kunahitaji mpango wa kulipia. Mngekuwa wawili ningesema KeePassXC. Kwa saba nasema Bitwarden.

MzeeWaBandari
Vijana, nimewasoma wote na mnasema vizuri. Niwaambie sasa kinachobeba fedha kwenye kazi hii yetu ya kutoa mizigo.

Mteja wangu alikuwa ananunua vipuri Guangzhou, wamezoeana na muuzaji kwa imeili. Ankara ya mwisho ikaja na mazungumzo yao yote ya nyuma yakiwa chini yake, nembo ile ile, jina la meli sahihi, kiasi sahihi mpaka senti. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki, na mstari mmoja tu: akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi. Akalipa. Tulipokuja kuikuza anwani ya mtumaji, palipotakiwa kuwa na m palikuwa na r na n zimebanana. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti.

Alijuaje yote hayo? Tulifungua mipangilio ya imeili ya mteja tukakuta kanuni ambayo yeye hakuiweka: kila ujumbe wenye neno la ankara, nakala yake inatumwa nje. Nywila alikuwa ameshaibadilisha zamani, kanuni ikabaki inafanya kazi. Ndiyo maana hizo siku 30 zenu hazinipi usingizi. Mtu akishaingia mara moja, anaacha njia yake.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kununua chochote, kagueni kanuni na usambazaji wa ujumbe kwenye kila imeili ya ofisi. Akaunti ya benki ikibadilika kwenye ankara, pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ile iliyoandikwa kwenye ankara msiipige, atapokea tapeli. Na malipo yaidhinishwe na watu wawili.

MdauKurasini
Shikamoo mzee, na ahsante sana. Nimeshakagua imeili tatu, ziko safi, nne zilizobaki wenyewe hawapo. Swali la mwisho: uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili, nichague SMS au Google Authenticator, ile programu ya simu inayotoa namba za kuingilia?

FundiAggrey
Authenticator. SMS inafuata laini, na laini inahamishika. Tapeli akimshawishi mtu wa mtandao wa simu kwamba yeye ndiye wewe, namba yako inahamia kwake na SMS zako zote zinamfuata. Januari 2024 akaunti ya X ya SEC, tume ya masoko ya hisa ya Marekani, ilitekwa kwa mtindo huo. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa namba zenu za NIDA, na SMS za kitapeli zipelekeni 15040.

Benki yenu ikiwa na SMS pekee, iwasheni, ni bora kuliko kukaa bila. Namba inayokuja kwa SMS hiyo asitajiwe mtu, hata akijitambulisha ni huduma kwa wateja. Na ukiwasha Authenticator utapewa namba za akiba. Zichapishe, maana simu ikiibiwa kwenye mwendokasi ndizo zitakazokuingiza.

MhasibuKariakoo
Hizo za akiba pamoja na nywila kuu ziwekeni kwenye bahasha, bosi asaini juu ya gundi, iingie kwenye sefu. Ikifunguliwa mtaona.

MdauKurasini
Nimeelewa, mama. Pendekezo nimeshaliandika: Bitwarden ya kulipia, siku 30 zimeondoka, Authenticator kwenye imeili zote, bahasha kwenye sefu, na kupiga simu kabla ya kulipia akaunti mpya. Hilo la simu siwezi kulisubirisha mpaka Jumatatu, kuna ankara ya Guangzhou inalipwa kesho. Nitaipiga mwenyewe, namba yao iko kwenye mkataba wa kwanza.