MJADALA: Papa akija Bagamoyo, gharama abebe nani?

Mleta mada (Dunda):
Wakuu, salaam. Jana barazani karibu na mnada wa samaki ulizuka ubishi mpaka kahawa ikapoa. Mmoja kasema Bagamoyo ni jimbo la Kanisa Katoliki tangu 2025, basi tumwombe Papa aje. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akadakia: "Kilo shilingi ngapi?" Tulipomaliza kucheka, mwingine akauliza: akija, hela ya nani?

Mimi nasema kodi ilipie ulinzi, basi. Papa haji kwa kujialika. Huitwa na maaskofu na serikali kwa pamoja. Ni kiongozi wa dini, na tangu mkataba wa 1929 kati ya Kanisa na Italia ni mkuu wa dola ya Vatikani pia. Hapo ndipo utata unapoanzia: anakuja kusalisha misa, anapigiwa gwaride kama rais. Na ile barabara yetu inayogeuka bwawa kila masika, ikipata lami wiki moja kabla ya ugeni, nitajua ilikuwa inawezekana siku zote.

Mama Parokia:
Mkuu, usichanganye mambo. Ndege hulipi wewe. Vatikani haina ndege yake. Hukodi, zamani Alitalia, siku hizi ITA Airways, na waandishi wanaokaa nyuma hulipiwa nauli na vyombo vyao. Jukwaa la misa, kwaya, maji ya mahujaji, hiyo ni michango yetu waamini, na tunaijua inavyouma. Septemba 1990 Yohane Paulo wa Pili alifika Dar, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Bagamoyo, mapadre walipofungua misheni 1868, tukarukwa! Mama yangu alipanda lori usiku kwenda kumwona Dar. Kitenge alichovaa siku ile bado kimo sandukuni na hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

Mpita njia wa Kaole:
Kwani lazima asafiri? Mapapa wameishi karne ngapi bila kupanda ndege! Wa kwanza ni Paulo wa Sita, 1964, alipokwenda Nchi Takatifu. 1969 akafika Kampala. Huyo Yohane Paulo ndiye aliyefungulia bomba: safari 104 nje ya Italia. Siku hizi misa inaonekana kwenye simu.

Binti wa Magomeni (ya huku, si ya Dar):
Simu haingefanya kilichofanyika Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Novemba 2015 Wakristo na Waislamu wanauana kule, Papa Fransisko akaenda hivyohivyo, akaingia msikiti wa Koudoukou, mtaa ambao Mkristo alikuwa hakanyagi. Mimi Mwislamu, babangu ni mwalimu wa madrasa, na kwa safari ya namna hiyo kodi yangu chukueni.

Mleta mada:
Dada, Bangui nakupa, sina la kujibu. Ila huku hakuna vita, kuna mashimo. Mama Parokia, kama michango ni yenu na ulinzi ni wa serikali, basi hatugombani: hesabu zibandikwe pale ofisi ya kata, kila fungu na mlipaji wake, tuzisome wenyewe. Na siku hiyo mnada usifungwe. Samaki wa alfajiri hangoji misa iishe.