Mitsubishi G4M: ndege ilikuwa mbovu, au walioiagiza?

Mleta mada
Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Ubishi ni kuhusu G4M, ndege ya Kijapani ya kudondosha mabomu, ya injini mbili, ile Wamarekani waliyoipachika jina la Betty. Jamaa mmoja kashikilia kwamba ilikuwa kiberiti chenye mabawa na aliyeichora hakujua kazi. Mimi nasema aliyeichora alijua sana, ila aliyeagiza hakujali roho za watu.

Mwaka 1937 Jeshi la Majini la Japani liliipa Mitsubishi masharti: ndege ibebe torpido (bomu la kupita majini kuipiga meli) la kilo 800, na bila mzigo iruke kilomita 4,722. Mhandisi Kiro Honjo akaomba injini nne ili apate nguvu ya kubeba na kinga. Wakamkatalia, wakataka mbili tu. Basi mafuta ya safari hiyo angeyaweka wapi? Akayatia ndani ya bawa lenyewe, karibu lita 4,900, bati la bawa ndilo ukuta wa tangi. Mpira wa kuziba tundu la risasi hakuna. Niambieni kosa lake.

Mchangiaji wa kwanza
Naomba nikupinge mkuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, matangi ya malori ndiyo yananilisha. Tangi la petroli likiletwa, hata kama limekaa tupu wiki nzima, nalijaza maji kwanza ndipo nawasha gesi. Anayeua ni mvuke, petroli yenyewe ina afadhali. Sasa piga picha bawa limeshatumika nusu, nusu nyingine ni mvuke mtupu, watu saba wamekaa katikati ya mabawa mawili ya namna hiyo, halafu inaingia risasi ya moto. Mteja akiniagiza kitu kama hicho namrudishia hela yake.

Matokeo mnayajua. Tarehe 20 Februari 1942 zilikwenda 17 kuipiga Lexington, meli ya Marekani ya kubeba ndege, 15 zikapotea. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo, kwenye kisiwa cha Guadalcanal katika Pasifiki, 23 zilishuka chini na torpido katikati ya meli. Hazikurudi 18.

Mchangiaji wa pili
Mbona mnahesabu misiba tu? Tarehe 10 Desemba 1941, karibu na Kuantan, Malaya, ndege hizi pamoja na kaka zao wakubwa G3M, ndege za mabomu za toleo la kabla yake, zilitoka viwanja vya upande wa Saigon, zikazizamisha manowari za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, mchana kweupe. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amezamisha manowari kubwa kama hizo, zikiwa baharini zinatembea na kujipigania, kwa ndege peke yake. Waingereza 840 walikufa. Japani ilipoteza ndege tatu. Tatu! Huo umbali mnaoucheka ndio uliowafikisha pale. Ungeweka mabamba ya chuma na mpira, pengine wangegeuka njiani kwa kuishiwa mafuta.

Mchangiaji wa tatu
Kurekebisha kidogo tu: hilo la kiberiti ni dhihaka. Wajapani wenyewe walizoea kuiita Hamaki, yaani sigara ile nene, kwa sababu ya umbo la kiwiliwili chake. Endeleeni.

Mleta mada
Fundi, mfano wako wa mvuke nimeukubali, umenitisha hata mimi. Ila mteja wa Honjo hakuwa mwenye lori. Ilikuwa dola ambayo tangu 1937 ilikuwa vitani China. Hela ya nani angerudisha?

Halafu tazameni tabia ya wakubwa. Admirali Yamamoto, mkuu wa meli za kivita za Japani, aliyezipigia debe ndege za masafa marefu za kuruka kutoka nchi kavu, aliuawa tarehe 18 Aprili 1943 akiwa abiria ndani ya G4M hiyo hiyo, juu ya kisiwa cha Bougainville. Je, walijifunza? Tarehe 21 Machi 1945 walizining'inizia Ohka, kombora la rubani wa kujitoa mhanga, zaidi ya tani mbili chini ya tumbo. Zilitoka 18, nyingi zikiwa na mzigo huo, zote zikatunguliwa kabla hazijaukaribia msafara wa meli za Marekani. Hapo hata ungezivika tairi za tingatinga. Kosa la bawa hilo?

Mchangiaji wa kwanza
La Ohka nakuachia, huo ulikuwa wendawazimu wa waliopanga. Lakini usimfiche fundi Honjo nyuma ya bosi. Mpira walianza kuubandika mwaka 1943, tena vipande vya milimita 30 chini ya bati la nje, ndege nyingi zikiwa zimeshaungua. Na hawawezi kusema mpira haukuwepo. Malaya, mashamba ya mpira ya dunia, waliitwaa mwanzoni mwa 1942, na njia ilifunguliwa na kuzamishwa kwa hizo manowari mbili anakokusifu mwenzetu hapo juu. Mwaka mzima wamekalia mpira, vijana wanaruka ndani ya tangi tupu. Kwa nini? Kwa sababu kila milimita ya mpira inakula kilomita, na kuanzia Mitsubishi mpaka wizarani hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyepunguza kilomita.

Mchangiaji wa pili
Hapo kwenye mpira umenifunga mdomo. Kwa leo.