Nimepewa siku 14 kuondoa magari ya watu yaliyokwama juu ya mashine, Nakuru. Nifanyeje?

Kijana wa Ploti
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na naomba msinicheke maana wiki nzima silali.

Mimi ni msimamizi wa ploti moja hapa Nakuru, upande wa Industrial Area, mwaka wa kumi na tatu sasa. Marehemu mzee mwenye ploti alileta kutoka ng'ambo mashine ya kuegesha magari, kuukuu lakini nzima. Ni fremu ya vyuma, magari sita chini na sita juu. Unaacha gari kwenye bamba, unabonyeza kitufe, linapanda, jingine linaingia chini yake. Watu walikuwa wanakuja kutazama tu, na watoto begani.

Mota ikaungua 2004, baadaye stima ikakatwa. Ya chini yakatoka. Ya juu yakabaki, na matano yako huko mpaka leo: Peugeot 504 stesheni wagoni, pikapu ya Datsun 1200, Corolla DX, Nissan B12 na Probox moja yenye namba ya usajili inayoanza na KBL. Matairi yamelala chapati na ndege wamejenga kwenye boneti ya Datsun.

Mzee alifariki. Mwanawe yuko nje, ameuza ploti. Mnunuzi anataka uwanja mtupu ndani ya siku 14. Wenye magari hawajulikani. Je, nikiita mtu wa skrepa nitakuwa nimekosea?

Baba Shiku
Umeniamsha na hiyo 504. Sisi tuliokuwa tukisafiri kwenda Kisumu miaka ile tunaijua. Unakaa kiti cha nyuma kabisa, magoti kidevuni, dereva anasubiri abiria wa mwisho huku mama amekupa mfuko wa mahindi ya kuchoma. Ikifika mteremko wa Mau Summit hadi Londiani dereva anazima redio asikie injini. Gari lile lilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Usithubutu kuipeleka skrepa. Niambie rangi.

Mama Pendo Kisumu
Kitu cha mtu ni cha mtu hata kikiota nyasi. Mwanangu, mali ya wenyewe haina baraka. Mimi nimeona jirani aliuza cherehani aliyoachiwa na mpangaji, mpangaji akarudi baada ya miaka sita na risiti mkononi. Waliangaliana tu. Yule jirani mpaka leo akimwona yule dada sokoni Kibuye anageuza njia. Rudi kwa Mungu wako kwanza, halafu ndiyo uulize habari ya skrepa.

Fundi wa Kondele
Kabla ya sheria na baraka, maisha. Nimefanya kazi na jeki za nguzo mbili na nguzo nne miaka mingi. Gari likikaa juu muda mrefu halishikwi na mafuta ya haidroliki, linashikwa na vidole vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya nguzo. Ndiyo maana hayajaanguka.

Kushusha, ni lazima kwanza uinue kidogo, sentimita chache tu, ili vidole viachie. Ndipo unafungua vali na bamba linashuka polepole. Mota ikiwa imeungua, pampu ya mkono inaweza kuunganishwa. Lakini kwanza kagua nyaya za kuinulia. Pitisha kitambaa juu ya waya, usipitishe mkono. Kitambaa kikinasa, pale nyuzi zimekatika, na hapo usiinue chochote.

Mtu wa skrepa hana muda wa haya. Atakuja na gesi akate nguzo. Akikata moja, bamba linainama upande, na ile Peugeot peke yake inapita tani moja. Nilimzika kijana wa mkono wangu kwa haraka ya namna hiyo, na gari lenyewe lilikuwa dogo. Usiruhusu mtu apite chini.

Mkulima wa Molo
Hiyo Probox hata kutu ikila mwili wote, weka betri tu, kesho itabeba kabichi za watu wawili na mbuzi.

Wakili wa Kijiji
Kuna sheria ya kitu hiki hasa, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, inayohusu kuuza bidhaa zilizoachwa bila kuchukuliwa. Ukifungua Gazeti Rasmi utaona matangazo yake mara kwa mara: magari fulani, namba fulani, yako gereji fulani, wenyewe waje ndani ya siku 30 walipe gharama wachukue, la sivyo yatauzwa kwa mnada. Anayetangaza ni yule aliyekabidhiwa mali, yaani mzee, na sasa ni wale wanaosimamia mirathi yake. Wewe ni mwajiriwa. Huna gari la kuuza hapo, hata moja.

Sasa nikuulize. Mashine ya aina hiyo, mtu huacha funguo. Funguo ziko wapi? Na kama zilikuwa na majina, "hawajulikani" inatoka wapi?

Kijana wa Ploti
Asante wakili. Funguo zilipotea wakati wa mzee. Majina sikumbuki. Baba Shiku, ni nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni.

Jamani, siku 14 haziwezi kungoja tangazo la siku 30. Na mimi nadaiwa, yaani nadai. Mshahara wa miezi kumi na mmoja sijalipwa. Sheria inanisaidia wapi?

Baba Shiku
Nyeupe na mstari wa bluu! Nina hakika nimewahi kupanda hiyo.

Hesabu Haidanganyi
Wakuu mnashauri hewa. Someni tena. Mashine ilikufa 2004, lakini juu yake kuna Probox ya KBL. Namba za KBA zenyewe, zilizotangulia KBL, zilianza 2007. Hiyo KBL ilipandaje mashine iliyokufa miaka mitatu kabla? Na Probox ilianza kutengenezwa Japani 2002, tuamini 2004 tayari imechoka imeachwa Nakuru? Halafu yeye ana miaka kumi na tatu kazini, hao watoto begani aliwaona lini?

Mashine ya kupandisha magari Nakuru, nimezaliwa mtaa wa Section 58 hapa hapa na sijawahi kuisikia. Kisa kama hiki nilikisoma mahali kikiwa cha Eldoret. Hii ni hadithi, tumalize uzi.

Mkulima wa Molo
Hapo kwa KBL hata mimi nimeshtuka.

Ametoka Ng'ambo
Tarehe nawaachia nyinyi, lakini msikatae kwamba kitu cha hivyo kipo. Nimeishi London. Huko Woolwich, mwaka 1961, walijenga jumba zima la kuegesha magari kwa mashine, likiitwa Autostacker, lenye lifti na roli za kusukuma magari kwenye rafu zake. Princess Margaret mwenyewe alikuja kulifungua. Halikuwahi kufanya kazi sawasawa, likabomolewa. Kama wao lilikwama na pesa zao zote, fremu ya magari kumi na mawili iliyonunuliwa kuukuu ikafia Nakuru si ajabu. Mashine hizi zina ubaya mmoja: lifti ikiharibika wewe unapanda kwa miguu, lakini gari halina miguu ya kupandia wala ya kushukia.

Hesabu Haidanganyi
London si Nakuru. Aweke picha, au ajibu kuhusu funguo. Wakili aliuliza na jibu lilikuwa fupi mno.

Mama Pendo Kisumu
Mwanangu, kama ni kweli, sema yote. Hapa hakuna anayekujua.

Kijana wa Ploti
Nimekaa na simu hii mkononi saa nzima.

Ni 2014, si 2004. Niliandika usiku na sikurudia kusoma. Niliajiriwa ikiwa bado inafanya kazi, mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza kitufe. Picha sitaweka, mnunuzi ataitambua ploti.

Funguo hazikupotea. Ziko kwangu, ndani ya mkebe wa Blue Band chini ya kitanda, zote tano, kila moja imefungwa kikaratasi kwa uzi. Vikaratasi vinne mchwa wamevila, sivisomi. Cha tano nakisoma, na hata bila kukisoma namjua mwenyewe.

Peugeot ni ya mama mmoja wa Njoro. Mumewe alibeba abiria wa Kisumu na gari hilo miaka na miaka, na alipostaafu barabara akawa analileta mjini siku za soko tu. Alifariki likiwa juu. Kila Januari huyo mama anakuja. Hawezi kulifikia, anasimama chini anatazama matairi. Mwaka huu alikuja na kitambaa kwenye mkoba. Akafuta nguzo, kuanzia chini mpaka mkono wake unapofika, akafuta vizuri kabisa kama mtu anayefuta kabati nyumbani kwake. Akaniuliza, "Mwanangu, funguo hazijaonekana?" Nikasema bado.

Niliogopa. Nikimpa funguo atadai gari, na gari siwezi kulishusha.

Na mtu wa skrepa alishanitumia elfu thelathini na tano kwa M-Pesa. Anakuja Jumamosi na gesi. Pesa nimelipa karo, kijana alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka Fomu ya Tatu.

Lakini nanyi nielezeni. Nani amelinda magari hayo? Walipokuja kuiba redieta nililala nje na rungu siku nne, mvua inaninyeshea. Hao wanne wengine hawajapiga simu hata mara moja. Gari lililokaa juani miaka yote hii lina thamani gani? Nikichukua haki yangu ya miezi kumi na mmoja kwenye chuma ambacho kitakatwa tu, nimemwibia nani?

Wakili wa Kijiji
Umemwibia yule mama, na nafurahi umemtaja maana ndiye anayekuokoa.

Mshahara wako unamdai mwajiri, haumdai mwenye Peugeot. Peleka madai Ofisi ya Leba hapo Nakuru kesho asubuhi, pamoja na chochote kinachoonyesha uliajiriwa, hata jumbe za simu. Usikawie, madai ya kazi yana miaka mitatu tu. Muulize pia huyo mwana aliuza ploti kwa barua gani za usimamizi wa mirathi, kwa sababu aliyepokea pesa za ploti ndiye wa kuulizwa deni lako.

Huyo wa skrepa, muulize leseni. Tangu sheria ya 2015 hakuna kununua chuma bila leseni, na nadhani nyote mnakumbuka 2022 biashara yote ilivyosimamishwa kwa miezi baada ya nguzo za umeme kuangushwa. Mwenye leseni ya kweli hagusi gari bila hati ya umiliki. Asiyeuliza hati anajua anachonunua, na polisi wakija atakutaja wewe kwanza.

Nenda kituoni ueleze magari yapo, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba za usajili bado ziko kwenye magari? Basi wenyewe wanatafutika kupitia NTSA, mamlaka inayosajili magari. Mnunuzi naye apewe barua: kuna mali ya watu, notisi inatolewa. Kununua ploti hakumpi ruhusa ya kuwakatia watu magari. Mama wa Njoro aanze na barua ya chifu, kwa sababu kubadilisha jina la gari la marehemu kunahitaji usimamizi wa mirathi.

Mama Pendo Kisumu
Mimi mume wangu aliacha baiskeli tu. Ilikaa kwa shemeji miaka mitatu nikiambiwa imeharibika. Siku niliyoletewa, kengele bado ilikuwa inalia. Sikuwa na haja ya baiskeli, kaka. Mpigie huyo mama leo, usingoje Januari.

Hesabu Haidanganyi
Habari ya kitambaa nimeisoma mara mbili. Naondoa neno langu la hadithi. Lakini elfu thelathini na tano utarudisha na nini?

Kijana wa Ploti
Sijui. Nimemwambia wa skrepa asije, amekasirika sana, anataka pesa zake kufikia mwisho wa mwezi. Nimeomba kaka yangu wa Rongai, ana ng'ombe wa kuuza.

Baba Shiku
Mimi ninatoa elfu tano. Si mkopo. Nitumie namba kwa sanduku la ujumbe.

Fundi wa Kondele
Nina kazi Nakuru Alhamisi hadi Jumamosi. Pampu ya mkono ninayo. Nahitaji picha tatu tu: mahali waya unapopita kwenye gurudumu la juu, kidole kimoja cha chuma kwa karibu, na kibati cha pampu chenye namba. Picha za ploti sizihitaji. Mafuta ya haidroliki mtanunua. Tutaanza na bamba tupu, lile la sita, tukiona linashuka vizuri ndipo tuguse lenye gari.

Kijana wa Ploti
Nimempigia. Nimemwambia ukweli wa funguo. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama ndani kuna blanketi nyekundu kwenye kiti cha nyuma. Nimepanda kwa ngazi, nikachungulia kioo, ipo. Anakuja Ijumaa na kijana wake.

Fundi, waya na kidole nimekupiga picha, angalia sanduku lako. Kibati nimekisugua kwa mafuta taa mara mbili, zimeonekana tarakimu tatu za kwanza tu. Nitajaribu tena kesho kukiwa na mwanga.