16 MHz hadi 144 MHz: geti, transista au dayodi?

SoldaBaridi: Wakuu, nina osileta (kifaa cha kuzalisha mawimbi) ya 16 MHz, kile kikopo cha bati cha miguu minne, nimeing'oa kwenye kadi ya kompyuta iliyokufa. Nataka ishara ya 144 MHz ya kupimia risiva ya mita 2, yaani redio ya bendi hiyo ya 144. 16 mara 9 ni 144 kamili. Nichukue hamoniki ya 9 (wimbi la masafa mara 9 ya lile la msingi) moja kwa moja kwenye geti ya 74AC04, ile IC ya kidijitali, au nipande kwa transista, mara 3 kisha mara 3?

MzeeKoili: Kijana, geti itakupa hamoniki hiyo bila taabu. Wimbi la mraba limejaa hamoniki witiri: ya 3 ina theluthi ya kimo cha ile ya msingi, ya 9 sehemu moja ya tisa. Kazi ni kuwafukuza majirani, yaani hamoniki za kando. 112 na 176 wapo tayari, na muda wa juu usipolingana sawasawa na wa chini, shufwa nazo zinachomoza: 128 na 160. Hapo filta ya koili moja haifui dafu. Zitakiwa tatu, na kuziseti kwa kukisia utazeeka. Ukipitia 48 kwa transista, majirani wa hatua ya pili ni 96 na 192. Koili mbili zinatosha.

dayodi_mbili: Mbona dayodi hamzitaji? Mbili na trafo ya feraiti, hazihitaji hata betri.

MzeeKoili: Hizo zinazidisha kwa 2, ndugu yangu. Angekuwa na 18 sawa: 36, 72, 144. Kwa 16 hafiki.

kipepeo: Nunueni Si5351, IC inayozalisha masafa unayotaka, mlale 😂

SoldaBaridi: Mkuu, nataka kujifunza. Nina transista za 2N3904 tele.

BiMasafa: Kwa 48 inafaa. Kwa 144 itahema, kikomo chake ni kama 300 MHz. Tafuta BF199, transista ya masafa ya juu, kwenye TV za zamani. Besi usiipe bayasi (volti ya kuiwasha muda wote), transista iwake kwenye vilele tu. Koili yangu ya 144 ni mizunguko 5 juu ya biti ya milimita 6, na trima (kapasita ya kurekebisha) ya pF 20. Na filta ya 48 usiidharau: mabaki ya 16 yakipenya, 128 na 160 zinarudi palepale.

SoldaBaridi: Kumbe! Nimepima hatua ya kwanza kwa RTL-SDR, risiva ya USB ya kompyuta, 32 bado imesimama wima pembeni ya 48. Naongeza koili ya pili kabla sijagusa BF199.

BiMasafa: Ziache nafasi kidogo, zisigusane. Na mwisho weka rezista ya ohm 50, si antena.