Hivi mnaosema reli ya Marekani imefufuka, imemfufukia nani?

Wakuu salaam. Leo povu litanitoka, mwenye presha apite kushoto.

Juzi humu mkuu mmoja kapandisha uzi mrefu akisifia jinsi Marekani walivyoifufua reli yao: serikali ikaachia, kampuni zikajiendesha, faida ikarudi, basi na sisi tuige. Watu wakampigia makofi. Mimi naendesha semi hapa Ohio mwaka wa saba huu, na hiyo reli iliyofufuka naijua kwa karibu. Wiki iliyopita ilinilaza njiani.

Sikilizeni. Saa 12 na dakika 20 asubuhi, barabara nyembamba ya mashambani kaskazini mwa Columbus, nina kuku wa friza nyuma na natakiwa getini kwa mteja saa 2 kamili. Taa nyekundu zikawaka, kengele ikaanza, vizuizi vikashuka. Treni ya mizigo. Nikachukua chai yangu nikaanza kuhesabu mabehewa, mchezo wangu wa siku zote. La 60, la 70, naona mwendo unapungua. La 87 lilikuwa tenki jeusi, mtu kalichora samaki aliyevaa kofia. Likaja mpaka mbele ya kioo changu, likajitikisa mara moja, likasimama.

Dakika 110 nimetazamana na yule samaki. Kengele haikunyamaza hata sekunde. Kurudi nyuma haiwezekani, trela la futi 53 utaligeuzia wapi na nyuma yako magari yamejipanga hadi kwenye kona? Ikafika mahali kijana mwenye begi la shule akaja kwa miguu, akachungulia kushoto na kulia, akakwea pale mabehewa mawili yanaposhikana, akatokea ng'ambo. Nilifumba macho. Treni ile ingeshtuka hata kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Askari alipofika nikamwuliza, mkuu hawa hamuwaandikii faini? Akacheka cheko la mtu aliyechoka. Ohio ilikuwa na sheria kabisa, treni isizibe barabara zaidi ya dakika 5. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta, eti mambo ya reli ni ya serikali ya shirikisho peke yake, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Sasa huko kwenye shirikisho kwenyewe sheria ya muda wa kuziba barabara haipo! Kuna ukurasa tu wa kupeleka malalamiko. Nimejaza, wala sisubiri simu.

Akaniambia na sababu ya kusimama: wafanyakazi wa treni walikuwa wamemaliza saa zao 12 za kisheria, inasubiriwa gari ilete wenzao. Mimi nami saa zangu 14 zilikuwa zinahesabiwa na mashine iliyo kwenye dashibodi. Nilifika kwa mteja nimechelewa, nikapangiwa saa 11 jioni, kushusha kukaisha saa 2 usiku, muda wangu umekatika, siruhusiwi hata kutoka getini. Nikalala kwenye lori, dakika 40 kutoka kitandani kwangu. Kampuni ya treni siitaji, mods wasije wakaufungia uzi.

Turudi kwenye huo ufufuo. Mwaka 1916 nchi hii ilikuwa na maili kama 254,000 za reli. Leo zimebaki karibu 140,000. Nani aliiua? Wapenzi wa soko huria watakwambia serikali, na nusu ya maneno yao ni kweli. Tume ya serikali ya kusimamia reli, iliyoanzishwa 1887, ilifika mahali kampuni haiwezi kubadili bei wala kufunga njia isiyo na mteja mpaka iombe ruhusa, isubiri miaka. Nusu ya pili hawaisemi. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akasaini sheria ya barabara kuu za kitaifa, serikali kuu ikalipa asilimia 90 ya ujenzi. Reli wakati huohuo inalaza njia kwa pesa zake na kulipia kodi ya ardhi njia hiyohiyo. Mimi nakula kwa barabara hizo, siwezi kuzitukana, ila tusidanganyane kwamba yalikuwa mashindano ya haki. Mwaka 1967 Posta nayo ikaondoa mikataba ya barua kwenye treni, na barua ndizo zilizokuwa zikizishikilia treni nyingi za abiria zisife.

Mwaka 1968 majitu mawili ya reli za mashariki, kampuni za Pennsylvania na New York Central, yakaungana kuwa Penn Central. Kompyuta za huku hazisomani na za kule, mabosi hawapatani, mabehewa yanapotea kwenye yadi. Juni 1970 ikafilisika, na hapakuwa na kampuni kubwa kuliko hiyo iliyowahi kufilisika nchini humo. Miaka ile mataruma yalikuwa yameoza kiasi kwamba behewa lililosimama, narudia, LILILOSIMAMA, linaanguka nje ya reli lenyewe.

Na hapa ndipo namtaka mwenye uzi ule. Nani aliokota maiti? Soko? Serikali iliunda kampuni ya reli ya Conrail 1976, ikamwaga karibu dola bilioni 7 za walipa kodi, na 1987 ikauza hisa zake kwa chini ya bilioni 2. Sheria ya Staggers aliyosaini Rais Carter Oktoba 1980, ile ya kuziachia kampuni zijipangie bei, mnayoimba kila siku, ilikuta mgonjwa yuko kwenye dripu ya serikali. Sikatai ilifanya kazi. Bei za mizigo zilishuka, kontena zikabebwa mbili mbili, moja juu ya nyingine, reli ikatengenezwa ikatengenezeka. Ila kampuni kubwa zilikuwa karibu 40, leo ni 6, na Julai 2025 Union Pacific ikatangaza inataka kuimeza Norfolk Southern.

Halafu ikaja staili ya kuwafurahisha wenye hisa: treni chache, ndefu, watu wachache. Mwaka 2022 mwenyekiti wa bodi ya serikali inayosimamia reli alisema hadharani kwamba kampuni hizi zimepunguza watu 45,000 ndani ya miaka 6, asilimia 29. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi walikaribia kugoma, wanadai siku za kuugua zenye malipo. Bunge likawalazimisha mkataba, zile siku 7 za kuugua zikakwama Seneti. Miezi miwili baadaye, Februari 2023, mabehewa 38 yakaanguka East Palestine, hapahapa Ohio, kemikali ikachomwa angani, watu wakahamishwa. Mwaka huohuo dunia ikaona picha za Hammond, Indiana, watoto wa shule wakipenya kwenye treni zilizosimama. Kijana wangu wa asubuhi ile hakuwa wa kwanza.

Abiria ndiyo usiseme. Amtrak, kampuni ya serikali ya treni za abiria, ilipozichukua treni hizo Mei 1971 ilibakiza karibu nusu. Columbus, mji mkuu wa jimbo, haijaona treni ya abiria tangu 1979. Stesheni waliibomoa, wakaacha tao moja, wakalihamishia kwenye bustani, watu wanapigia picha za harusi. Mwaka 2010 jimbo lilipewa dola milioni 400 lianzishe treni Cleveland, Columbus, Cincinnati. Gavana mteule Kasich akakataa. Sasa wanafanya upembuzi tena. Mdogo wangu kapanda SGR ya umeme Dar hadi Dodoma, kanipigia video anakula karanga dirishani, ananiuliza ya kwetu huku ikoje. Nikamwambia mtandao unakata.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama nililipwa kwa kusubiri, hapana. Mteja analipa ukisubiri kwake, reli hailipi popote. Mkuu mwingine anasema nina wivu wa dereva wa lori kwa treni. Sawa, njoo ukae na samaki mwenye kofia.

Mlioko Ohio, naomba msaada wa haraka: upande ule kuna daraja juu ya reli ambalo semi iliyojaa inapita bila kuzidi uzito? Alhamisi nina mzigo mwingine, njia ileile, saa 2 kamili.