Tupeane uzoefu: wenye mgonjwa wa akili nyumbani mnaishije?

Kifungua Mimba: Wakuu, kuna video watu wanaicheka, mgonjwa anakimbia uchi barabarani. Nimeshindwa kucheka. Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ilimwanza akiwa chuo. Mama analala mang'amung'amu, baba hataki hata litajwe, dada kaacha kazi amwangalie. Wenzangu mnaishije?

Njiwa Mweupe: Umenigusa. Sisi hata msibani tunakwenda kwa zamu.

Mkwe Mpole: Kwetu ni shemeji. Dawa zilimtuliza hadi watu wakaanza, "Huyu kapona, mnamlisha masumu ya nini?" Akaacha dozi. Usingizi ukakata kwanza. Kisha akawa ananusa chakula, eti mama yake kamtilia sumu. Usiku mmoja akafunga milango yote, funguo kazishika, anasema waliomo kwenye televisheni wanamsikiliza. Watoto wanalia, mume wangu anataka kumkamata kwa nguvu. Mama mkwe akamzuia. Akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akakaa naye sakafuni, hakumbishia hata neno moja. Tukakaa hivyo mpaka alfajiri. Sasa mama ana presha, na mume wangu na kaka yake mwingine hawasalimiani, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeruhusu dawa ziachwe.

Mzee Kobe: Hayo mashetani. Tafuteni wa kumwombea.

Kifungua Mimba: Mzee wangu, aombewe na vidonge ameze.

Zege: Ameze nini? Haloperidoli, moja ya hizo dawa zenu, ilimkakamaza dada yangu shingo, udenda unamtoka. Afadhali alivyokuwa.

Binti Mdogo: Zege usipotoshe watu. Hayo ni madhara ya dawa, daktari hupunguza dozi, hubadilisha, au huongeza dawa ya kuyatuliza. Na nyie wa milango msitishe watu, wagonjwa wengi hawamdhuru mtu.

Zege: Wewe umemlea nani?

Binti Mdogo: Mama yangu mzazi. Endelea.

Njiwa Mweupe: Jamani acheni. Mkwe, sasa hivi anaendeleaje?

Mkwe Mpole: Kahamia sindano ya kila mwezi, ugomvi wa vidonge umekwisha. Ila tusimfokee, akisemwasemwa sana ugonjwa unaamka.

Mzee Kobe: Muozesheni, atatulia.

Binti Mdogo: Binti yako yupo, Mzee?

Njiwa Mweupe: 😂😂 Mkwe, hujamaliza. Mlango mlifunguaje?

Mkwe Mpole: Alifungua mwenyewe. Alisikia njaa, na mkate ulikuwa umeisha.