Kuonja chokoleti nyumbani na marafiki: tulinganishe nchi, asilimia au aina?

Zuhura

Wenzangu, salaam. Jumamosi ya wiki ijayo nimewaalika marafiki saba nyumbani tuonje chokoleti pamoja, yaani tukae kwa utulivu, tuonje moja baada ya nyingine, na kila mtu aseme alichokipata, badala ya kula tu kama tunavyokula siku zote. Nina mipango mitatu na nimeshindwa kuamua. Wa kwanza ni kuweka mezani chokoleti nyeusi pekee, zenye asilimia 70 ya kakao, kila moja ikiwa imetokana na kakao ya nchi yake: Ghana, Madagaska na Ekwado. Wa pili ni kuchukua mtengenezaji mmoja na kupanda ngazi ya asilimia kutoka 55 hadi 70, kisha 85 na 100. Wa tatu ni kuchanganya nyeupe, ya maziwa na nyeusi ili kila mgeni apate anachokipenda, kwa sababu wawili kati yao wanasema wazi kwamba nyeusi hawaiwezi. Mngechagua upi, na kwa sababu gani? Naomba pia ushauri kama niwaoneshe wageni karatasi za chokoleti au nizifiche.

Mvundika Kakao

Dada Zuhura, mimi ni wa mpango wa kwanza, na naomba uniruhusu nieleze kwa urefu. Mbegu ya kakao inapotoka kwenye tunda haina ladha ya chokoleti hata chembe. Ni chungu na ina ukakasi unaokausha ulimi. Mkulima huzivundika mbegu hizo pamoja na utando wake mweupe, kwa kawaida siku tano hadi saba, akizigeuzageuza, kisha huzianika, na baadaye kiwandani hukaangwa. Ladha tunayoijua huanza kujengeka kwenye lile rundo linalofuka joto, na kukaanga huikamilisha. Kwa hiyo ukionja kakao ya nchi tatu kwa asilimia moja, unaonja mti, udongo, mkono wa mkulima na moto wa mkaangaji, wakati sukari, ambayo ni takriban asilimia 30 iliyobaki, haibadiliki sana. Kakao ya bonde la Sambirano, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, hujulikana kwa uchachu unaofanana na matunda mekundu. Ile ya Ekwado inayotokana na mti wa aina ya Nacional husifiwa kwa harufu ya maua. Ya Ghana ina ladha nzito ambayo wengi wetu tukiipata tunasema “hii ndiyo chokoleti”, na si ajabu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Afrika Magharibi na ndiyo iliyotulea.

Tahadhari moja: hiyo 70 hujumlisha kakao iliyosagwa pamoja na siagi ya kakao, yaani mafuta ya mbegu zake, iliyoongezwa. Chokoleti mbili zinaweza kuandikwa 70, moja ikawa na siagi nyingi na kuteleza bila kusema lolote, nyingine ikakukamata. Soma orodha ya viambato, na ukiweza tafuta mtengenezaji mmoja anayetengeneza zote tatu, la sivyo utakuwa unalinganisha wakaangaji badala ya kakao.

Mama Wawili

Ndugu Mvundika, maelezo yako ni mazuri, lakini umemjibu mtu aliyekwisha kuonja mara nyingi. Mimi nimefanya mipango yote miwili na marafiki ambao hawakuwahi kukaa mezani kwa kazi hii. Siku ya kulinganisha nchi, watu sita walionja vipande vitatu na wote wakasema neno moja, “chungu”, kisha wakatazamana. Si kwamba walikosa ulimi, bali tofauti ilikuwa nyembamba na hawakuwa na pa kuishikia. Siku ya asilimia, kila mtu alikuwa na la kusema tangu kipande cha pili, kwa sababu sukari ikipungua mtu huhisi mwenyewe mahali uchungu unapoanzia, unapokaa na muda unaochukua kuondoka. Ninashauri ngazi ya 55, 70 na 85. Hiyo ya 100 iache kabisa, au iwe ya mwisho kwa wanaotaka, maana ukali wake hukaa mdomoni na kinachofuata hakitaonjwa kwa haki.

Fundi Keki

Kuhusu mpango wa tatu nitasema kwa ufupi: chokoleti nyeupe ina siagi ya kakao, sukari na maziwa, lakini haina ile sehemu ya kahawia ya kakao, kwa hiyo ukiiweka kando ya nyeusi hakuna unachokilinganisha. Ni karamu nzuri, lakini si uonjaji.

Ninachotaka kukisisitiza ni joto, kwa sababu huharibu mipango yote mitatu kwa usawa. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, chini kidogo tu ya joto la mwili, na ndiyo maana chokoleti nzuri hukaa imara mezani lakini hulainika yenyewe juu ya ulimi. Mwaka jana niliitoa yangu kwenye friji na kuifungua wageni wakiwa mlangoni. Ikatoa jasho mbele ya macho yetu, matone madogo juu ya kila kipande, na yalipokauka yakaacha tabaka jeupe lenye kukwaruza kama chumvi laini, kwa sababu maji yaliyeyusha sukari ya juu na kuiacha hapo. Ladha nayo haikutoka, kwani chokoleti baridi hufunga harufu yake. Ikiwa ni lazima uihifadhi kwenye friji, itoe saa kadhaa kabla na uiache ndani ya karatasi yake mpaka ipoteze ubaridi wote. Vinginevyo, mahali pakavu penye nyuzijoto 15 hadi 18 panatosha, mbali na vitunguu na sabuni, maana siagi hunyonya harufu za jirani.

Kabla ya kuonja, kila mmoja avunje kipande chake karibu na sikio. Siagi hiyo inaweza kuganda katika maumbo sita, na fundi huipoza na kuipasha tena kwa uangalifu ili apate umbo moja tu, lile linalong'aa. Chokoleti nyeusi iliyofanyiwa hivyo hukatika “ka!” na ukingo wake huwa safi, ilhali ile iliyoyeyuka njiani ikaganda ovyo humeguka kimya. Maji ya kunywa katikati yawe ya uvuguvugu, kwani ya baridi hugandisha siagi iliyobaki mdomoni.

Msikivu

Karatasi zifiche. Andika namba chini ya visahani, na kila mtu aandike maneno yake kabla ya yeyote kufungua kinywa. Wa kwanza akitamka “ndizi”, meza nzima itaonja ndizi.

Tena anza na zoezi hili: kila mgeni azibe pua kwa vidole, aweke kipande ulimini na ahesabu hadi kumi bila kutafuna. Atapata utamu na uchungu, basi. Akiachia pua, harufu itapanda kutoka kooni na chokoleti itatokea yote kwa mara moja. Nimeona watu wazima wakiomba kipande cha pili ili warudie tu hilo.

Nuru

Uliza mapema kuhusu mzio wa maziwa, karanga na soya, kwa kuwa hata nyeusi inaweza kuwa na mabaki ya maziwa ikiwa mashine ni ile ile. Mbwa asifikie meza, kwani theobromini iliyomo ni sumu kwake.

Mvundika Kakao

Mama Wawili, hoja yako ya pa kushikia nimeipokea. Basi tuunganishe: Zuhura aanze na ya maziwa yenye kakao nyingi, asilimia 45 hivi, iwe daraja kwa wale wageni wawili, kisha nchi tatu kwa 70. Vyote viwe vinne, visizidi vitano, kwa sababu baada ya hapo ulimi huchoka. Kipande cha gramu 8 kwa mtu kinatosha, kwa hiyo watu wanane watakula gramu 64 za kila aina, na chokoleti moja ya gramu 100 itabakiza za kurudia.

Zuhura

Nimerudi kuwapa matokeo, na shukrani zangu ni za dhati. Nilifuata mpango wa Mvundika, karatasi nikazificha kama alivyosema Msikivu, na kipande cha maziwa kikatumika kwa zoezi la pua. Mama Wawili alikuwa na haki kwa sehemu: kwenye namba moja, ya Ghana, karibu wote waliandika “chungu, kakao” na kuishia hapo. Ilipokuja namba mbili, ya Madagaska, kalamu zilianza kukimbia. Mmoja wa wale wawili wasiopenda nyeusi aliandika “ndimu, halafu zabibu kavu”, kisha akarudi mwenyewe kwenye namba moja kuhakikisha kama hakupitwa na kitu, na safari hii akaongeza “moshi kidogo”. Wa pili hakubadilika, alibaki na ya maziwa. Ya Ekwado ilitugawa, watatu wakinusa maua na wengine hawakuyapata hata waliporudia. Mwezi ujao tunakutana tena, na wageni wenyewe wameomba ngazi ya asilimia kwa kakao ya Madagaska pekee. Mama Wawili, je, niiweke 85 kabla ya mapumziko ya maji au baada yake?

Mama Wawili

Baada yake, mpenzi, na uwape dakika tano kamili.